Nyanya juu ya mizizi ya mbiringanya: kubebesha miche katika mashamba ya Isebania

Nyanya imechanua, pengine matunda ya kwanza yameanza kujaa. Saa saba mchana majani ya juu yanalegea. Jioni yanasimama tena, nawe unasema ni jua tu. Kesho yake yanalegea mapema zaidi, na siku ya tatu mche haunyanyuki, ingawa majani yake bado ni ya kijani kibichi. Kisha mche wa pili kwenye mstari unafuata, na wa tatu, hasa upande yanakoelekea maji ya mvua. Wakulima wa Isebania, Mabera na Kehancha wanaolima nyanya katika mashamba yaliyowahi kuwa ya tumbaku wanaijua hali hii, na wengi wao hukimbilia duka la dawa za kilimo. Pesa hizo hupotea bure. Hakuna dawa ya kupulizia majani inayoponya maradhi yaliyo ndani ya udongo.

Kinachowezekana ni kuyanyima maradhi hayo mizizi yanayoitaka: nyanya isimame juu ya mizizi ya mmea mwingine unaostahimili. Anayelima miembe au michungwa anaijua kazi hii ya kubebesha. Kwa mboga ni kazi ileile, ila miche ni midogo, hufa upesi zaidi, na huhitaji uangalizi wa karibu kwa wiki nzima.

Jua kwanza kinachoua nyanya zako

Chagua mche ulionyauka leo, si uliokauka wiki iliyopita. Ung'oe, uukate shina karibu na mizizi, uchukue kipande cha urefu wa kidole. Kifunge uzi, ukining'inize ili ncha yake ya chini izame kidogo katika glasi ya maji safi, kisha uiache glasi itulie. Ikiwa baada ya dakika chache unaona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria, unaoletwa na kimelea kiitwacho Ralstonia solanacearum. Huingia kupitia mizizi, huzaana ndani ya mishipa ya maji ya mche na kuiziba. Ndiyo maana mche hukauka huku udongo ukiwa na unyevu wa kutosha.

Nyuzi zisipotoka, tazama majani ya chini. Yakianza kuwa ya manjano, mara nyingi upande mmoja wa mche, na ukipasua shina ukakuta mstari wa kahawia ndani, yaelekea ni mnyauko wa fuzari, unaoletwa na ukungu wa udongoni. Na mizizi yenyewe ikiwa na vinundu vinavyofanana na shanga, umepata minyoo fundo. Shamba moja linaweza kuwa na vyote vitatu. Lazima ujue ni kipi, kwa sababu mizizi inayozuia kimoja si lazima izuie kingine, na hapo ndipo wengi wanaojaribu kubebesha hupata hasara.

Kuna sababu ya maradhi haya kujikita upande wetu. Nyanya, tumbaku, viazi mviringo, pilipili, biringanya na managu ni jamii moja. Kuria na sehemu nyingine za Migori zimelima tumbaku kwa mkataba na kampuni kwa miaka mingi, na tumbaku hulisha bakteria hawa pamoja na minyoo fundo vilevile kama nyanya. Shamba likiachwa tumbaku likawekwa nyanya, kwa bakteria waliomo udongoni hakuna kilichobadilika. Anayepisha nyanya kwa viazi au kwa managu naye hajabadilisha zao, hata kama sokoni ni bidhaa tofauti kabisa.

Mpango wa mashamba yasiyo na tumbaku, unaoendeshwa na Shirika la Afya Duniani, lile la Chakula na Kilimo na lile la Mpango wa Chakula Duniani pamoja na serikali ya Kenya, ulianzia Migori na kuwapa wakulima mbegu za maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Kwa upande wa mnyauko bakteria hilo ni zao zuri la kupisha. Kwa minyoo fundo, maharagwe nayo hushambuliwa, na hapo mahindi ni salama zaidi. Kupisha mazao kunabaki kuwa msingi. Lakini mwenye robo ekari karibu na maji, ambaye nyanya ndiyo karo ya watoto wake, hawezi kungoja miaka mingi udongo usafike. Mwongozo huu ni wake.

Mizizi ipi?

Kubebesha mboga si jambo la jana. Wakulima wa Japani na Korea walianza kubebesha matikitimaji juu ya mizizi ya jamii ya maboga tangu miaka ya 1920. Kwa nyanya za nchi za joto, kazi kubwa ilifanywa na Kituo cha Mboga Duniani kilichoko Taiwan, ambacho pia kina ofisi Arusha. Walipendekeza kuibebesha nyanya juu ya mbiringanya teule, kama ule unaojulikana kwa namba EG203, au juu ya nyanya sugu iitwayo Hawaii 7996. Katika mkoa wa Lam Dong, Vietnam, miche ya namna hiyo sasa ni ya kawaida kwa wakulima wa nyanya.

Ikiwa glasi yako imeonyesha nyuzi nyeupe, tafuta mbegu ya mbiringanya sugu. Faida yake ya pili ni kubwa kwa walio chini zaidi, Nyatike kwenye skimu ya Lower Kuja, au Homa Bay kwenye skimu ya Kimira-Oluch, ambako udongo mweusi hushika maji. Mizizi ya nyanya ikikaa ndani ya maji hata siku mbili tatu huanza kuoza. Ya mbiringanya teule huvumilia zaidi. Tahadhari: si kila biringanya dukani inafaa. Black Beauty, ambayo mbegu yake hupatikana kila mahali, ni nzuri kwa kula lakini haiaminiki mbele ya mnyauko bakteria.

Kama tatizo lako ni vinundu, mbiringanya kwa kawaida haitakusaidia. Hapo unahitaji nyanya ya mizizi yenye kinga dhidi ya minyoo fundo, ambayo huuzwa kwa ajili hiyo hasa na kampuni za mbegu na vitalu vikubwa vya miche. Muulize muuzaji akuonyeshe kwenye pakiti inastahimili nini, na asipoweza, usinunue. Ujue pia kwamba kinga hiyo ya minyoo hudhoofika joto la udongo likipita nyuzi 28 hivi. Huku juu Isebania, udongo uliofunikwa kwa nyasi kavu unaweza kubaki chini ya hapo. Ufukweni mwa ziwa ni vigumu zaidi, na matandazo huko si jambo la hiari.

Wengi huuliza kuhusu mtunguja, ule mmea wa miiba wenye matunda ya manjano kando ya barabara ambao Waluo huuita ochok. Ni ndugu wa mbiringanya, huvumilia ukame, na wapo wakulima nchini wanaoubebesha nyanya. Unaweza kuujaribu, lakini kwa miche michache tu: mbegu zake huota kwa kusuasua, na mtunguja wa kijiji hiki si lazima uwe na ustahimilivu sawa na wa kijiji cha pili. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nachukua mbiringanya teule.

Kuna mimea miwili ambayo usiijaribu kabisa. Wa kwanza ni muranaha, gugu lile la maua meupe marefu na matunda ya miiba. Sumu yake hutengenezwa mizizini na kupanda juu hadi kwenye tunda; katika miaka ya 1960 watu wa jimbo la Tennessee, Marekani, walidhurika kwa kula nyanya zilizobebeshwa juu yake. Wa pili ni tumbaku yenyewe. Nikotini hutengenezwa mizizini, na majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1942 yalionyesha kwamba nyanya iliyobebeshwa juu ya mizizi ya tumbaku hujaa nikotini majanini. Miche ya tumbaku isikushawishi kwa sababu imejaa tele na ina shina nene.

Kusia mbegu

Miche miwili inayoungana lazima iwe na unene sawa wa shina siku ya kukata, kama milimita mbili. Mbiringanya hukua polepole kuliko nyanya, kwa hiyo husiwa mapema: mbiringanya teule siku tatu nne kabla, mtunguja wiki kadhaa kabla. Usitegemee kalenda ya mtu mwingine. Sia mbegu kumi za kila aina kwanza, uangalie zinavyokwenda katika hali ya hewa ya kwako, ndipo upange. Njia nyingine rahisi ni kusia nyanya kwa mafungu mawili yanayopishana siku tatu. Moja kati ya hayo litalingana na mbiringanya.

Tumia trei za miche na kokopiti, au mchanganyiko wa udongo wa msituni, mchanga na samadi iliyoiva vizuri ambao umeupasha moto na kuuacha upoe. Udongo usichotwe shambani kwako. Kufanya kazi yote hii kisha ukaanzisha mche katika udongo wenye bakteria ni kujitesa.

Kikonyo, yaani mche wa juu, kiwe cha aina inayouzika soko unalolenga, iwe Rio Grande, Cal J au Anna. Tunda hubaki la aina hiyo. Mizizi haileti ladha ya biringanya.

Kukata na kuunganisha

Miche ikiwa na majani halisi mawili hadi matatu, iko tayari. Inyweshe siku moja kabla, na siku yenyewe majani yawe makavu. Fanya kazi jioni au chini ya kivuli kizito, mahali pasipo na upepo. Andaa kila kitu kwanza, pamoja na chumba cha kuuguzia nitakachokieleza, kwa sababu mche uliokatwa hausubiri.

Nawa mikono kwa sabuni, mara mbili. Kwa aliyeshika tumbaku siku hiyo, aliyeifunga, aliyeivuta au aliyeinusa, hili ni sharti. Majani makavu ya tumbaku hubeba virusi vya batobato ambavyo hukaa kwenye vidole na kuingia moja kwa moja kwenye kidonda cha mche. Ikiwezekana, mtu huyo afanye kazi ya kubeba maji na kufunika turubai, mwingine akate. Wembe uwe mpya, na uchovywe kwenye spiriti kila baada ya miche michache.

Kata mbiringanya juu kidogo ya yale majani mawili ya kwanza ya mbegu, kwa mshazari mkali wa nyuzi 30 hadi 45. Wembe uvutwe mara moja tu. Ukirudiarudia, ukingo unachanika na hauungani. Ichukue nyanya, ikate mahali ambapo unene unalingana, kwa mshazari uleule. Valisha klipu ya silikoni kwenye kisiki cha mbiringanya, nusu yake ikae juu ya mkato, kisha telezesha kikonyo ndani hadi nyuso mbili zikutane. Inua mche usawa wa macho ukiuelekeza kwenye mwanga. Ukiona mwanga ukipenya katikati ya mikato, toa, ukate upya. Ukiona tone dogo la maji limebanwa kwenye maungio na hakuna mwanya, umefaulu. Asiyepata klipu anaweza kutumia kipande kifupi cha mrija mwembamba wa plastiki laini uliopasuliwa ubavuni, mradi ubane bila kuponda.

Punguza jani moja kubwa la nyanya kama kikonyo kina majani mengi. Kwa muda huo hakina mizizi ya kukinywesha, na kila jani hupoteza maji.

Wiki ya uangalizi

Miche mingi hufa hapa, na mara nyingi mkono uliokata hauna kosa. Kikonyo hakiwezi kunywa maji mpaka mishipa iungane, kwa hiyo hewa inayokizunguka lazima iwe na unyevu mwingi, asilimia 85 hadi 95, na joto la wastani, nyuzi 25 hadi 30. Hilo hufanyika hata bila umeme. Kunja fito au mianzi iwe matao ya kimo cha goti, mahali penye kivuli cha siku nzima, ndani ya nyumba au chini ya mti mkubwa. Tandika karatasi ya nailoni chini, umwage maji ya kina cha kidole, upange matofali, trei zikae juu ya matofali bila kugusa maji. Funika matao kwa nailoni nyeupe, kisha juu yake weka neti nyeusi au magunia. Pulizia maji kwenye kuta za nailoni kwa ndani, si juu ya miche; maji yakiingia kwenye maungio, kuoza huanza.

Siku tatu za kwanza usifungue ila kukagua haraka asubuhi na jioni. Jua lisiingie hata kidogo. Katika joto la Homa Bay, nailoni iliyopigwa na jua la saa sita huchemsha miche yote kwa mchana mmoja. Kuanzia siku ya nne, inua pembe moja ya nailoni kwa nusu saa alfajiri na nusu saa jioni, uangalie vikonyo. Vikilegea, funika tena na ujaribu kesho. Visipolegea, ongeza muda kila siku na upunguze magunia ili mwanga uzidi. Kati ya siku ya saba na ya kumi, mche uliofaulu husimama nje ya chumba chini ya neti bila kunyauka. Kaa nao hapo wiki moja hivi ukiuzoesha jua, kisha upande shambani. Klipu za silikoni hujiachia zenyewe shina likinenepa. Mrija wa plastiki utoe kwa mkono.

Mwanzoni usishangae ukipoteza sehemu kubwa ya miche. Mkono huzoea. Ndiyo maana nasisitiza kuanza na trei moja nje ya msimu, wakati huna haraka ya mvua.

Shambani: usizike maungio

Tumefundishwa kupanda mche wa nyanya kwa kina na kuupandishia udongo ili utoe mizizi mingi shinani. Kwa mche uliobebeshwa, desturi hiyo huharibu kila kitu. Maungio yakiguswa na udongo, kikonyo cha nyanya hutoa mizizi yake, nayo hushuka moja kwa moja kwenye bakteria unaowakimbia. Maungio yabaki juu ya ardhi kwa upana wa vidole vitatu au zaidi, na usipalilie kwa kupandisha udongo. Simika nguzo na kamba mapema ili shina lisilale chini, na ondoa majani ya chini yanayogusa ardhi. Machipukizi yatakayotoka chini ya maungio ni ya mbiringanya. Yavunje yangali madogo.

Upogoaji nao una hatari yake. Kisu kilichokata mche mgonjwa kikiingia kwenye mche uliobebeshwa juu ya maungio, kimepeleka bakteria ndani ya nyanya bila kupitia mizizi. Chovya kisu kwenye jik iliyopunguzwa kwa maji kila unapohamia mche mwingine, au vunja vichipukizi kwa vidole bila kugusa utomvu.

Kwa nyanya ndefu kama Anna, mche wenye mizizi yenye nguvu unaweza kuachiwa mashina mawili badala ya moja, hivyo ukahitaji miche michache kwa shamba lilelile. Hilo hupunguza gharama, maana mche huu umekula mbegu mbili, klipu na siku za kazi.

Kubebesha hakuzuii kila kitu. Tuta, yule nondo aliyeingia Kenya mwaka 2014, hula majani ya mche uliobebeshwa kama mwingine wowote. Bakajani chelewa ya msimu wa mvua haijali mizizi. Nzi weupe pia. Kama kipimo cha glasi hakikuonyesha kitu, shina halina mstari wa kahawia ndani, mizizi yako haina vinundu na shamba halituami maji, usijisumbue kubebesha. Nunua mbegu bora na uweke pesa kwenye samadi.

Kwa wanaolima tikitimaji kando ya ziwa na kusumbuliwa na fuzari, kanuni ni hizihizi, ila mizizi huwa ya mumunye. Anayeanza afanye kwa kuegemeza: sia tikiti siku tano hadi saba kabla ya mumunye, kwa kuwa mumunye hukimbia, kata ulimi mdogo kwenye kila shina, viunge, uvifunge kwa klipu miche yote miwili ikiwa bado na mizizi yake. Baada ya siku kumi hadi kumi na nne ondoa kichwa cha mumunye na mizizi ya tikiti. Njia hii husamehe makosa ya unyevu kuliko ile ya mkato.

Jambo la mpaka. Kati ya Isebania na Sirari, upande wa Tanzania, watu huvuka kila siku, na miche huvukishwa kwenye ndoo na magunia pamoja na udongo wake. Udongo huo ndio gari la mnyauko na minyoo. Mbegu au miche inayotoka ng'ambo ipitie kwa maafisa wa KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, mpakani na cheti cha afya ya mimea, na udongo wa shamba la mtu usiingie kwako hata kama ni wa shemeji.

Msimu wa kwanza panda mistari miwili ya miche iliyobebeshwa katikati ya nyanya za kawaida za aina ileile, katika sehemu ya shamba unayojua ni mbaya zaidi. Andika tarehe mche wa kwanza uliponyauka katika kila mstari. Unaonyauka uung'oe siku hiyohiyo pamoja na udongo wa mizizi yake, uuchome mbali na shamba, usiutupe mtaroni wala mtoni. Ikiwa hata uliobebeshwa unanyauka, rudia kipimo cha glasi kwa shina lililo juu ya maungio na lililo chini yake, kila moja kwa glasi yake, kisha umpelekee afisa wa kilimo wa wadi matokeo pamoja na mche mzima. Nyuzi zikitoka juu na chini, mizizi uliyochagua haitoshi kwa bakteria wa shamba lako. Zikitoka juu tu, chunguza kisu chako na kimo cha udongo.